Mkataba wa Miaka Tisini

Mwaka 1805, bwana aliyevuka Mto Ohio na watumwa wake kutoka Kentucky na kuingia eneo la Indiana alipewa siku 30 kufika kwa karani wa mahakama ya wilaya. Pale mezani kwa karani, bwana na mtumwa "walikubaliana": huyu atamtumikia yule kwa miaka kadhaa, na yule atamlisha na kumvisha huyu. Sheria haikuweka kikomo cha miaka hiyo. Wapo walioandikiwa 20, wapo walioandikiwa 40, na wapo walioandikiwa 90 na hata 99. Mtumwa akikataa kutia alama yake, bwana alikuwa na siku 60 za kumtoa na kumpeleka mahali ambapo utumwa uliruhusiwa waziwazi. Watoto wa chini ya miaka 15 hawakuulizwa kabisa. Waliandikishwa tu: wa kiume atumikie mpaka atimize miaka 35, wa kike mpaka 32.

Karatasi hizo zipo hadi leo. Zimo katika vitabu vya makarani wa wilaya, pamoja na hati za mauziano, wasia, orodha za mali za marehemu, vyeti vya uhuru na majalada ya kesi. Idara ya nyaraka ya jimbo la Illinois peke yake imetoa katika vitabu vya aina hiyo, vya tangu 1722 hadi 1863, zaidi ya majina 3,000 ya watumwa, watumishi na walioachwa huru, pamoja na ya mabwana na mashahidi wao. Ajabu ni kwamba bado kuna watu wanaozungumzia mpaka ule wa magharibi ya Marekani kana kwamba vitabu hivyo havijawahi kufunguliwa. Madai yao yanafahamika, na yanastahili kujibiwa moja baada ya jingine.

La kwanza ndilo maarufu kuliko yote: "Kaskazini ya Mto Ohio hakukuwa na utumwa, kwa sababu sheria ya 1787 ilishaupiga marufuku."

Kuhusu sheria, ni kweli. Tarehe 13 Julai 1787 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kutawala nchi zilizo kaskazini-magharibi ya mto huo, ambako baadaye yalizaliwa majimbo ya Ohio, Indiana, Illinois, Michigan na Wisconsin. Kifungu chake cha 6 kilisema utumwa hautakuwepo humo, wala utumishi wa kulazimishwa, isipokuwa kwa adhabu ya kosa la jinai. Wanaotoa dai hili husoma hapo wakafunga kitabu.

Wangeendelea kusoma wangemkuta gavana wa kwanza wa nchi hizo, Arthur St. Clair, akiwatuliza wenye watumwa kwamba kifungu kinahusu watakaoletwa baadaye, si waliokwisha kuwemo. Na waliokwisha kuwemo hawakuwa haba. Katika miji ya Kaskaskia, Cahokia na Vincennes, Wafaransa walikuwa wamemiliki Waafrika na wenyeji wa asili kwa miongo mingi, na makarani wao waliandika kila kitu kwa ukamilifu ambao leo unatufaa sana: nani kauzwa, nani karithiwa, nani kapewa binti kama sehemu ya mali ya ndoa. Tafsiri ya St. Clair iliziacha karatasi zote hizo na nguvu zake.

Kisha ikaja hatua ya pili. Mwaka 1802 wajumbe walikutana Vincennes chini ya gavana wa eneo la Indiana, William Henry Harrison, yuleyule aliyekuja kuwa rais wa Marekani kwa mwezi mmoja tu mwaka 1841, wakaliomba Bunge lisimamishe kifungu cha 6 kwa miaka 10. Kamati iliyoongozwa na John Randolph wa Virginia, ambaye mwenyewe alikuwa na watumwa, ikajibu mwaka 1803 kwamba ombi hilo halifai. Hapo ndipo Indiana ilipoamua kutosubiri ruhusa. Ikajitungia sheria za "watumishi" mwaka 1803, 1805 na 1807, na Illinois ilipotengwa kuwa eneo lake yenyewe mwaka 1809 ikazibeba sheria hizo kama zilivyo. Kifungu hakikufutwa, kilizungukwa.

Matokeo yake yako kwenye sensa. Mwaka 1810 eneo la Illinois lilihesabiwa kuwa na watumwa 168. Mwaka 1820, wakati limeshakuwa jimbo "huru", walikuwa 917. Mahali ambapo utumwa umepigwa marufuku kwa miaka 33, idadi ya watumwa imeongezeka zaidi ya mara tano ndani ya miaka 10.

Tena katiba ya Illinois ya 1818 ilikuwa na ukweli wa kushangaza kidogo. Baada ya kutangaza kwamba utumwa hautaingizwa tena, ikaweka wazi kwamba watumwa wa majimbo mengine wanaweza kukodiwa kufanya kazi katika machimbo ya chumvi karibu na Shawneetown, kwa mkataba usiozidi mwaka mmoja kila mara, mpaka 1825. Kazi ya kuchemsha maji ya chumvi mchana na usiku na kukata kuni za kuyachemshia haikuwa na watu wa kuigombania. Basi hapo msimamo wa katiba ukalegea kwa ukubwa uleule wa shamba la chumvi, na watunga katiba hawakuona haya kuuandika mpaka wake.

Dai la pili ni la watu wenye elimu zaidi, na kwa hiyo ni la hatari zaidi. Wanasema: "Hao hawakuwa watumwa. Walikuwa watumishi wa mkataba, na mkataba ni hiari."

Hiari ipi? Mtu amesimama mbele ya karani. Hajui kusoma. Anaambiwa achague: aweke alama ya msalaba chini ya maneno ambayo hawezi kuyathibitisha, atumikie mpaka uzee, au arudishwe ng'ambo ya mto akauzwe, pengine mbali na mke wake na watoto. Mkataba wenyewe ulikuwa na umbo la makubaliano ya watu wawili: jina la huyu, jina la yule, umri, idadi ya miaka, ahadi ya chakula na mavazi, mashahidi. Alichokosa mmoja wao ni uwezo wa kusema hapana na kubaki alipo. Mwenye miaka 20 aliyeandikiwa 90 alikuwa ameahidi kufanya kazi mpaka atimize 110. Karani aliyeandika hesabu hiyo alijua anaandika nini.

Lakini tusijibu kwa hisia, maana lipo jibu la mahakama. Mary Clark alinunuliwa Kentucky mwaka 1814, akaletwa Vincennes, na mwezi Oktoba 1816 akatia alama kwenye mkataba wa miaka 20 wa kumtumikia bwana mmoja aitwaye General Washington Johnston. "General" hapo si cheo cha jeshi. Ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Bwana huyo alikuwa wakili. Na linaloumiza zaidi: mwaka 1808, akiwa katika baraza la kutunga sheria la Indiana, ndiye aliyeongoza kamati iliyotoa taarifa kali ya kupinga utumwa na kutaka sheria ya mikataba ifutwe. Miaka minane baadaye alikuwa na mkataba wake mwenyewe.

Mary Clark alimshitaki mwaka 1821. Mahakama ya wilaya ilimpa ushindi Johnston: mkataba ni mkataba. Wakili wa Mary, Amory Kinney, akakata rufaa katika Mahakama Kuu ya Indiana, na mwezi Novemba mwaka huohuo jaji Jesse Holman akatoa hukumu ambayo ingefaa kusomwa na kila anayeshika bango la "hiari". Alisema hata kama mkataba uliingiwa kwa hiari, mwanamke huyu amekuja mahakamani kuomba aachiliwe, na kwa kuja huko tu imedhihirika kwamba anatumika bila kupenda. Kumlazimisha mtu mzima aendelee kumtumikia mwenziwe kwa nguvu ya sheria, kwa sababu aliwahi kukubali, ni utumishi wa kulazimishwa, na katiba ya Indiana ya 1816 imeukataza. Mary akatoka huru. Hoja ya hiari ilifia mikononi mwa jaji zaidi ya miaka 200 iliyopita. Wanaoifufua leo wamechelewa.

Illinois haikuwa na jaji wa namna hiyo, si mapema vile. Katika kesi ya Phoebe dhidi ya Jay ya 1828, mahakama ya juu ya jimbo ilikiri kwamba sheria ya mikataba ilikwenda kinyume na sheria ya 1787. Kisha ikasema mikataba yenyewe ni halali, kwa kuwa katiba ya 1818 imeitambua. Kiini macho cha kisheria kama hicho hakipatikani mara nyingi.

Hapo tunaingia katika dai la tatu, mdogo wa lile la pili: kwamba mtumishi hakuwa mali, hakuweza kuuzwa kama ng'ombe.

Ninian Edwards, gavana wa eneo la Illinois tangu 1809 hadi 1818, anatosha kulijibu. Oktoba 1815 alichapisha tangazo gazetini kwamba anauza watumwa 22, baadhi yao wavulana na wasichana wa kati ya miaka 10 na 17, na kwamba wasiponunuliwa mapema atawakodisha ng'ambo ya Mississippi, Missouri. Katika tangazo lilelile, baada ya watu hao, anauza pia farasi wa damu safi, fahali mkubwa wa Kiingereza na madume wengine wachanga. Huyu ndiye mtawala wa nchi ambayo kifungu cha 6 kilikuwa sheria yake kuu. Na mwaka 1817 baraza lilipopitisha muswada wa kufuta sheria ya mikataba, ni yeye aliyekataa kuutia saini.

Mahakama nayo haikumumunya maneno. Mwaka 1828, katika kesi ya msichana aitwaye Nance dhidi ya Howard, mahakama ya juu ya Illinois iliamua kwamba mtumishi aliyesajiliwa ni mali, na anaweza kukamatwa na kuuzwa mnadani kulipia deni la bwana wake kama kitu kingine chochote cha nyumbani. Sijui ni nini tena kingehitajika kuandikwa ili mtu aitwe mtumwa.

Nance hakuishia hapo. Baadaye aliuzwa tena, kwa mfanyabiashara David Bailey, ambaye hakulipa taslimu bali alitoa hati ya kuahidi kulipa. Muuzaji, Nathan Cromwell, aliahidi kuleta karatasi za kuthibitisha kwamba binti huyo ni wa kuuzika. Nance akakaa kwa Bailey miezi kama sita, akisema muda wote kwamba yeye ni mtu huru, kisha akaondoka zake. Cromwell akafa, warithi wake wakamdai Bailey fedha. Kesi ilifika mahakama ya juu ya Illinois mwaka 1841, na wakili wa Bailey alikuwa kijana mmoja wa Springfield, Abraham Lincoln. Karatasi zilizoahidiwa hazikuletwa kamwe. Mahakama ikaamua kwamba katika Illinois kila mtu huhesabiwa huru, awe na rangi yoyote, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na kumuuza mtu huru ni haramu, hivyo hati ya deni haina thamani. Mtu aliyekuwa mali mwaka 1828 kwa nguvu ya karatasi akawa huru mwaka 1841 kwa kukosekana kwa karatasi.

Wapenzi wa Lincoln huishia hapo. Nyaraka haziishii hapo. Mwaka 1847, katika wilaya ya Coles, Lincoln alisimama upande wa Robert Matson, bwana wa Kentucky aliyekuwa akileta watumwa wake kulima shamba lake la Illinois, na aliyekuwa akidai arudishiwe Jane Bryant na watoto wake wanne. Lincoln akashindwa, Jane na watoto wakatoka huru. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaodai Illinois ilikuwa na kambi mbili zilizo wazi, ya wema na ya wabaya. Rejista za mahakama hazimkuti mtu yeyote akiwa kambi moja maisha yake yote.

"Walikuwa wachache, tena matajiri watupu." Hili halihitaji maneno mengi. Wachache, ndiyo, ukilinganisha na Virginia. Lakini miongoni mwao walikuwemo gavana wa kwanza wa jimbo la Illinois, Shadrach Bond, na naibu wake Pierre Menard, yaani waliokabidhiwa kuilinda katiba. Na wasiokuwa na mtumwa hata mmoja walikuwa tayari kuwapigia kura: mwaka 1824 wananchi wa Illinois waliulizwa kama uitishwe mkutano wa kubadili katiba, na kila mmoja alijua lengo ni kuhalalisha utumwa. Waliokataa walikuwa 6,640, waliokubali 4,972. Gavana Edward Coles, aliyeongoza upande wa kukataa, alikuwa amewaacha huru watumwa wake mwaka 1819 alipokuwa akihamia huko. Ujira wake? Alishitakiwa kwa kutoweka dhamana kwa ajili ya watu hao aliowaachilia, akahukumiwa kulipa dola 2,000, mpaka hukumu hiyo ilipotenguliwa baadaye. Katika jimbo huru, kumiliki mtu kulikuwa rahisi kuliko kumwachia.

Yapo pia madai mawili yanayopingana, na ajabu utayasikia kwa mtu mmoja katika kikao kimoja. Moja lasema mtumwa hakuwa na sauti yoyote mbele ya sheria. Jingine lasema mahakama za mpakani zilikuwa za haki, ndiyo maana watumwa walishinda kesi. Yote mawili yanaanguka mbele ya majalada ya St. Louis.

Katika kumbukumbu za mahakama ya mji huo, upande wa Missouri ambako utumwa ulikuwa halali, zimepatikana kesi zaidi ya 300 za watu waliodai uhuru wao. Sheria ya Missouri ya 1824 iliwaruhusu kushitaki kama maskini, kwa wakili wa kupangiwa. Mwaka huohuo mahakama ya juu ya Missouri ilimpa uhuru Winny, ambaye bwana wake alikuwa amemweka Illinois miaka mitatu au minne kabla ya kuvuka naye mto. Kanuni ikawekwa: aliyekwisha kuwa huru kwa kuishi nchi huru hawezi kurudishwa utumwani. Huo ndio mwanzo wa foleni ndefu ya mama, binti na wajukuu waliokuja na hoja moja: nilikaa Kaskaskia, nilikaa Vincennes, nilikaa Illinois. Wasiojua kusoma walikuwa wanaijua sheria ya 1787 vizuri kuliko waliowamiliki.

Basi hawakuwa bubu. Lakini ulizia bei ya kusema. Mwenye kudai uhuru aliweza kukodishwa na mkuu wa polisi wa wilaya wakati kesi ikiendelea, jasho lake likilipia gharama. Lucy Delaney, ambaye mama yake Polly alimfungulia kesi alipokuwa msichana tu, alikaa jela zaidi ya miezi 17, bila kosa lolote, akisubiri mahakama iseme kama yeye ni mtu au ni kitu. Alishinda mwaka 1844, na akaja kuyaandika maisha yake mwenyewe. Kisha upepo ukageuka. Dred Scott, aliyefungua kesi St. Louis tarehe 6 Aprili 1846, alikuwa na hoja ileile ya Winny, na pengine nzuri zaidi, kwa kuwa alikuwa amekaa Illinois na pia Fort Snelling, ngome ya jeshi katika eneo lililokatazwa utumwa. Mwaka 1852 mahakama ya Missouri ikaitupa kanuni yake yenyewe ya miaka 28, na mwaka 1857 jaji mkuu Roger Taney akatangaza mjini Washington kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani. Mahakama zilizotoa haki zilikuwa zilezile zilizoinyang'anya.

Msomaji wa Afrika Mashariki atasikia pia swali la kukwepa: "Mbona na pwani yetu kulikuwa na utumwa?" Kulikuwa, na hakuna sababu ya kuficha. Tena anayezijua karatasi za Unguja atazielewa upesi zile za Vincennes. Amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya Aprili 1897 iliondoa hadhi ya utumwa mbele ya sheria, lakini ilimtaka mtumwa aende mwenyewe kuuomba uhuru, aonyeshe ana makazi na njia ya kupata riziki, huku bwana akilipwa fidia. Masuria waliachwa nje mpaka 1909. Kule nako, kuanzia 1819, mtu mweusi aliyetaka kukaa Illinois alitakiwa kuwa na cheti cha uhuru kilichosajiliwa kwa karani. Kufanana huko ni somo zuri kwa mtafiti. Si utetezi wa aliyeuza watoto wa miaka 10 kwenye tangazo moja na fahali.

Mwisho kabisa kuna dai la uvivu: kwamba nyaraka hizo ni majina ya kwanza tu, "Sukey", "Jack", "Polly", hazina la kutufundisha. Ni kweli ziliandikwa na wamiliki kwa faida ya wamiliki. Lakini hati iliyoandikwa ili kumshika mtu hulazimika kumtambulisha: umri wake, kimo chake, makovu yake, mama yake, alikotoka, aliuzwa na nani lini. Mambo kama hayo yalijitokeza katika kesi ya Polly mwingine, Polly Strong wa Indiana, mpaka mahakama kuu ya Indiana ikamtoa mikononi mwa Hyacinthe Lasselle mwezi Julai 1820, ingawa bwana huyo alishikilia kwamba mama wa Polly alinunuliwa kabla ya 1787. Uzao wa watumwa wa Wafaransa wa Illinois ulisubiri robo karne zaidi, mpaka Joseph Jarrot alipomdai Julia Jarrot mshahara wa kazi aliyomfanyia, na mahakama ikakubali mwaka 1845 kwamba alizaliwa huru.

Katiba mpya ya Illinois ikaufuta utumwa wa kila namna mwaka 1848, miaka 61 baada ya marufuku ya kwanza. Miaka mitano baadaye jimbo lilelile likatunga sheria ya kumtoza faini ya dola 50 mtu mweusi yeyote atakayeingia na kukaa zaidi ya siku 10, na akishindwa kulipa, kazi yake inadiwe hadharani. Tarehe 1 Februari 1865 Illinois ilikuwa jimbo la kwanza Marekani kuridhia marekebisho ya 13 ya katiba ya kukomesha utumwa nchi nzima. Sheria yake ya kunadi watu ilikuwa bado haijafutwa siku hiyo, na ilifutwa baadaye mwezi huohuo.